Waliolazwa Nyuma ya Nyumba

Kilichoninyima usingizi wiki zile hakikuwa gesi. Lilikuwa swali moja: nimtaje kaka yangu kwenye kikao, au ninyamaze? Nikimtaja, watamchimbua. Nikinyamaza, atabaki ndani ya uzio wa mradi wa gesi, na hakuna mtu wa kwetu atakayekanyaga tena pale alipo.

Chama cha mtaa wetu, asosiasau kama tulivyozoea kukiita, kilianzishwa kwa ajili ya kisima na takataka za sokoni. Gesi ilipopatikana baharini, kikageuka kuwa mahali pa kuulizia mambo yaliyotuzidi. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo Nampula, sina kazi, najua Kireno, wakanifanya katibu. "Dotora wetu," yaani binti msomi, mwenyekiti alipenda kunitania, "hebu waulize hao, gesi yao inanuka?" Alikuwa fundi cherehani, na mbele za watu kila kitu kwake kilikuwa mzaha. Nyumbani, mkewe aliniambia, hata chakula alikuwa hali kwa wasiwasi.

Watu wa projetu, huo mradi wa gesi, walitueleza kwamba tutahamishiwa kijiji kipya, bara, mbali na maji. Kila kaburi litakaloonyeshwa litahamishwa pamoja nasi, kwa dua na sanda mpya. Lisiloonyeshwa litabaki. Wazee wakaenda makaburini, wakaonyesha moja baada ya jingine, wakarudi wakasema kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha, na kila mwanamke aliyekaa jamvini siku ile alijua. Kwetu, mtoto anayezaliwa bila kulia hapelekwi makaburini. Wanawake humzika wenyewe nyuma ya nyumba, karibu na bafu la makuti, mahali ambapo maji ya kuogea huilowesha ardhi. Hawekewi jiwe, hapewi jina, hakaliwi matanga. Wanaume hawaulizi. Akitajwa, huitwa mgeni. Wa kwetu, huyo kaka yangu, alinitangulia mimi kuzaliwa. Bibi ndiye aliyenidokezea, kabla hajafariki.

Nilimfuata mama jikoni, akikuna nazi.

"Mama, chama kinataka kujua makaburi yote."

"Makaburi wanayajua wanaume."

"Na mgeni?"

Hakuacha kukuna. "Bibi yako alikuwa na mdomo, Mungu amrehemu." Akacheka kidogo, kicheko kikakatika. "Mtoto yule sikumlilia mbele ya mtu. Leo nikamwonyeshe bwana mwenye kofia ya plastiki, aje amtoe kwa sepetu?"

"Tukimwacha, mama, hatutarudi tena pale."

"Najua."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo niletee maji, nazi hii haijichuji."

Jibu hilo nililigeuza kila upande. Labda alitaka niseme mimi, ili yeye asiwe amesema. Labda "najua" ile ilikuwa ombi. Nilimwangalia akifagia nyuma ya bafu asubuhi, mahali ambapo hajawahi kuniachia mimi nifagie, nikitafuta dalili katika mkono wake. Ufagio ulipita kama siku zote. Nikajiambia ananikataza. Kufika jioni nilikuwa nimejiambia kinyume chake.

Na wanawake wengine waliozika wageni wao je? Hao nao walikuwa na haki ya kuulizwa. Kwenye kikao cha mwisho nikasimama, nikaomba wanaume wote watoke uani.

"Hata mimi?" akauliza mwenyekiti.

"Hata wewe, baba. Tena wewe uanze."

Watu wakaangua kicheko. Naye alicheka, mpaka alipoziona nyuso za wanawake. Akatafuta makubadhi yake, akatoka, na wengine wakamfuata.

Wanawake tukasogeleana jamvini. Kisha mama mmoja muuza maandazi akasema, "Wangu ahamishwe. Nitaenda naye, hata kama ni mchanga tu wa kujaza kiganja." Baada yake wakafunguka, mmoja mmoja, kwa sauti za chini, bila kutazamana. Mwingine alisema hakumbuki tena ni upande gani wa mpapai, na mpapai wenyewe ulishakatwa. Akajifunika kanga usoni.

Zamu ikafika kwetu. Jirani yetu, ambaye ndiye aliyempokea kaka yangu alipozaliwa na kumfunga kitambaa, akanigeukia.

"Na kwenu, mwanangu?"

Mama alikuwa amekaa karibu yake, akikunjua na kukunja pindo la kanga. Nilimsubiri anyanyue uso. Ningemwona machoni ningejua, nikasema moyoni, lakini hakunyanyua. Nikaelewa kwamba sitajua kamwe, na kwamba kilicho mkononi mwangu ni maneno yake tu, yale aliyoyasema jikoni: hamwonyeshi mtu. Mtoto ni wake. Mimi namtaka kwa sababu naogopa kuacha kitu. Yeye ndiye aliyemlaza.

"Kwetu hayupo," nikasema.

Jirani alinitazama, akamtazama mama, asinipinge. Nikamgeukia mwanamke aliyefuata, nikamwuliza wa kwake amelala wapi.