Jukwaa Lililosimamiwa Kama Harusi

Ukitaka kujua watu wa kwetu Gihundwe wanavyochagua viongozi, angalia kamati ya harusi. Kwanza anatafutwa mzee mwenye koti. Halafu mke wa mchungaji, ili Mungu asiseme amesahauliwa. Halafu wanaume watatu wanaojua kukohoa kabla ya kusema. Mwenye kufanya kazi hatafutwi. Huyo yuko jikoni tayari.

Hivyo ndivyo walivyochaguliwa wasimamizi wa jukwaa letu la mtandaoni.

Jukwaa lenyewe lilianzishwa na kijana wa kwetu anayekaa Ubelgiji, kwa ajili yetu tunaovuka mpaka kati ya Kamembe, upande wetu, na Bukavu, ng'ambo. Bei ya nyanya, daraja limefunguliwa au bado, mtaa gani zimesikika risasi. Wengi wetu tulizaliwa kule, tukarudi huku baada ya vita, tukaacha wazazi kule. Mapigano yalipoanza tena, jukwaa likajaa matusi, wa huku wakitukana wa kule, na wa kule wakitukana wa huku. Kijana akaomba tuchague wasimamizi watano wa kujitolea, awafundishe.

Tulikutana kwenye ukumbi wa kanisa. Nilikuwa na kichanga mgongoni, na nikanyoosha mkono. Nimemaliza sekondari, simu yangu ina intaneti, na tangu nijifungue nilikuwa nashinda nyumbani. Mzee mmoja, mkurugenzi wa shule mstaafu, akanitazama kana kwamba nimeomba bia kanisani.

“Maman, uko na mtoto ku mugongo. Utasimamia batu namna gani?”

“Na vidole, Papa.”

Wakacheka, wakanituma Fanta. Niliporudi na kreti, Mzee alikuwa ameshakuwa prezida. Simu aliyonunuliwa na mwanawe ilikuwa bado na plastiki yake ya dukani. Mke wa mchungaji, makamu wake, alikuwa na simu ya tochi, isiyo na intaneti.

Mafunzo yakaanza. Kijana wa Ubelgiji akatokea ukutani kwa projekta, mkubwa kama mlango, mtandao ukimkata kila sentensi. Alifundisha vizuri, siwezi kusema uongo. Ujumbe wa matusi unafutwa. Ujumbe wa kuonya kuhusu hatari unapitishwa upesi, na msimamizi mmoja anatosha kuupitisha. “Mmoja anatosha,” akarudia. Kisha akauliza kama kuna swali.

“Kujitolea, maana yake hakuna transport?” akauliza Mzee.

“Transport ya kwenda wapi, Papa? Kazi iko ndani ya telefone.”

“Hata kama. Sisi tutakaa wapi?”

Kati ya yote aliyoyasikia, hilo ndilo lililomsumbua. Walipomzima kijana wa watu ukutani, wakatunga sheria zao wenyewe: hakuna ujumbe kuonekana mpaka kamati ikae na kupiga kura. Kamati itakaa dimanche, yaani Jumapili, baada ya ibada.

“Na risasi, nazo zitangoja dimanche?” nikauliza kutoka mlangoni.

“Maman,” akasema mke wa mchungaji, “rudisha kreti.”

Sasa, mama yangu anakaa Bukavu. Binti yangu wa kwanza, wa miaka minne, nilimwacha kwake nilipomzaa huyu wa mgongoni. Kila Ijumaa walikuwa wanashuka kwa miguu hadi daraja dogo la mpakani, wanavuka, wanalala kwangu. Mama hasomi vizuri, kwa hiyo jirani yake alikuwa anamfungulia jukwaa asubuhi. Kama halijasema kitu, anamvalisha mtoto viatu na kuondoka. Jukwaa likinyamaza, njia ni nzuri. Alizoea hivyo, na ilikuwa kweli kabla ya kamati.

Ijumaa moja Mzee akanipigia.

“Maman, kuja unizimie hii telefone. Inalia tangu asubui, nashindwa kupumzika.”

Nikaenda. Ilikuwa inalia kwa sababu watu walikuwa wanatuma habari ile ile: risasi kwenye mteremko wa daraja dogo upande wa Bukavu, msishuke. Ya kwanza ilitumwa alfajiri. Zote zilikuwa zimesimama zikingoja ruhusa yake, na yeye amekaa kitini, miguu ndani ya beseni la maji ya moto.

“Papa, umeona hii?”

“Nimeona. Iko grave, mbaya sana. Tumeiweka ku dimanche, ya kwanza kabisa.”

Nikazipitisha zote. Akapiga kelele kwamba nimeingilia kamati. Mimi nilikuwa nampigia mama. Hakupokea. Nikampigia jirani.

“Balishaenda, dada,” akasema. “Grupu haikusema kitu.”

Nikashuka darajani. Limefungwa. Nikasimama na wanawake wengine, nikanyonyesha nimesimama, macho ng'ambo. Kila nilipojaribu kufikiri binti yangu yuko wapi, niliona lile beseni. Niliona vidole vya miguu vya Mzee, safi, vikielea.

Walivuka alasiri, daraja lilipofunguliwa. Mama alikuwa na vumbi hadi kwenye kope. Walikuwa wamelala kifudifudi kwenye duka la mtu wasiyemjua, mama juu, mtoto chini yake. Binti yangu alikuwa na kiatu kimoja. Hakulia. Aliniuliza kama kile kingine kitakuja kesho.

Dimanche kamati ikakaa, kitambaa cheupe mezani, Fanta mbele ya kila mmoja. Jambo la kwanza nilikuwa mimi. Mzee akasema wako tayari kunisamehe kwa kuingilia, maana mimi bado mtoto, mradi niombe radhi mbele ya wote. Mke wa mchungaji akasema amina.

Nikatoa kile kiatu kwenye kitenge, nikakiweka katikati ya chupa.

“Hiki kilivuka,” nikasema. “Mwenzake alibaki kule, akiwangojea ninyi mpige kura.”

Mke wa mchungaji akakisogeza kwa ncha ya kidole, kisichafue kitambaa. Mzee akavaa miwani, akaipitia karatasi yake juu hadi chini, akaniuliza kiatu hicho kiko ku ajenda namba ngapi.