Video ya harusi ya dada yangu: sauti ipo, uso wa baba mkwe haupo

Wakuu, salamu kutoka Kasongo. Haya yametokea kwetu, sijaongeza chumvi.

Dada yangu Zaina aliolewa na kijana wa kutoka Wamaza. Siku ya ndoa mvua ilitusukuma sote ndani, sebule ikawa giza. Humo humo baba mkwe wake, Mzee Saidi, akatamka mbele ya watu kwamba Zaina ataendelea na masomo ya uuguzi.

Harusi ikapita, masomo kimya. Tulipouliza, mzee akasema aliyeahidi ni mdogo wake, ambaye sasa ni marehemu.

Tukasema sawa, video ipo.

Hapo ndipo nilipoanza kushuka moyo. Fichier, yaani faili ya video tuliyopewa, ilikuwa ndogo, inaingia kwenye simu bila shida. Ahadi inasikika, ila wazee waliokaa kwenye kona yenye giza zaidi, Mzee Saidi na mdogo wake wakiwemo, nyuso zao zimekuwa miraba myeusi. Nani anafungua mdomo? Hujui. Na ndugu hao wawili sauti zao zilifanana.

Halafu mpiga video, Amisi, ni binamu wa bwana harusi. Mnaona wenyewe.

Nikamfuata studio. Akasema kamera yake inarekodi 10-bit, kila rangi ya msingi ina ngazi 1024. Sisi alitutolea 8-bit, ngazi 256. Eti ndiyo sababu fichier imepungua, maana ya kwanza ilikuwa inakaribia kujaza disque yake ya kuhifadhia.

Nikarudi nyumbani, nikapiga hesabu. Kutoka bit kumi hadi nane unatoa moja ya tano tu. Ya kwetu ilikuwa imebaki kiduchu. Nikajua ananificha kitu.

Kesho yake nikarudi. Safari hii akanieleza compression: video haihifadhi kila picha nzima, inashika zaidi kilichobadilika. Ukiiminya sana inatupa maelezo madogo, na gizani ndiko inakoanza kutupa. Akasema aliiminya kwa sababu Zaina alitaka kuituma kwa shangazi yetu aliyeko Salamabila, ambako réseau ya simu ni mbovu.

Nikampigia Zaina. Kweli, aliomba hivyo.

Bado roho ilikataa. Nikamuuliza, "Ile ya kwanza iko wapi?"

Akajibu kwa upole, kama mdogo kwa mkubwa wake: "Disque iko mgonjwa, yaya. Haifunguke."

Nikavuta kiti, nikamwambia ajaribu nikiwa pale. Akaichomeka. Ikafunguka mara moja.

Mimi na Amisi tulipanda pikipiki na ordinateur, kompyuta yake, hadi Wamaza. Kwenye video ile kubwa kona bado ina giza, lakini watu wanaonekana: Mzee Saidi ameinua kidole, anaongea. Mdogo wake yuko pembeni, anatikisa kichwa kukubali.

Mzee alitazama muda mrefu. Nadhani alimtazama mdogo wake zaidi kuliko alivyojitazama mwenyewe.

"Uyu ni miye," akasema. Kisha, bila kututazama, "Mutoto aende masomo."

Zaina anasoma sasa.

Nilichojifunza: mpiga video akikupa fichier nyepesi, usimuite mwizi kabla hujauliza imeminywa vipi. Na daima dai ile ya kwanza, uihifadhi mwenyewe.

Ila wajuzi wa kompyuta nisaidieni. Disque inaweza kugoma, kisha ikapona mara tu mtu akivuta kiti? Amisi nikimuuliza anacheka tu. Au ni mimi nina roho mbaya?