Fremu Nzima Iliyokatwa

Watu wanasema Nyundo alimpiga mtu kwa nyundo. Si kweli. Alimpiga kwa nusu ya fremu ya baiskeli, na nyundo wakati huo ilikuwa juu ya meza ya kazi, mahali pake, imelala kando ya kopo la grisi. Wanasema pia alimpiga mtu aliyelala chini. Hilo nalo si kweli. Pigo la kwanza lilimkuta mtu amesimama, la pili likamkuta amepiga goti. Kama ni lazima aibu ya mtu isimuliwe, basi isimuliwe kwa kipimo chake.

Jina lenyewe hakulipata kwa ugomvi. Alikuwa fundi wa baiskeli, na si baiskeli zozote, bali zile za milimani za zamani, zenye fremu ya chuma na matairi ya meno, ambazo wenyewe walizitupa nyuma ya nyumba zikawa viota vya kuku. Nyundo alizichukua hivyo hivyo na mavi ya kuku. Alizivua kila kitu, akazipiga msasa mpaka chuma kikang'aa, akazipaka rangi mara tatu. Kisha alizivalisha mambo ya kisasa: gia tatu za mbele zikawa moja, za nyuma zikaongezwa, usukani ukapanuliwa, breki za raba zikaondoka, zikaja za diski. Baiskeli iliingia kwake kikongwe, ikatoka mwali.

Lakini kabla ya hayo yote aliitundika fremu tupu kwa kamba kwenye boriti, akafumba macho, akaigonga kiungo kwa kiungo kwa nyundo ndogo isiyozidi kijiko. Chuma kizima kililia kama kengele. Chenye ufa kilikohoa. Fremu iliyokohoa haikutoka kwake ikiwa nzima: aliibana kwenye jiriwa mbele ya mwenyewe, akaikata vipande viwili kwa msumeno, kusudi asije fundi mwingine akaipaka rangi na kumpandisha mtu juu yake. Sharti hilo kila mteja aliambiwa mapema. Asiyelitaka aliondoka na baiskeli yake, na matusi yake.

Sharti hilo lilitokana na kaburi. Alipokuwa bado fundi mchanga, mdogo wake wa kumfuata ziwa moja alimwomba baiskeli nyekundu. Nyundo aliona chini ya shingo ya fremu mstari mwembamba kama unywele. Akauziba, akausugua, akaupaka rangi, akajiambia utashika. Mdogo wake aliipeleka kwenye mteremko wa machimbo ya mawe, na Nyundo akamsubiri chini, mikono tayari kupiga makofi. Katikati ya mteremko shingo ilikatika. Gurudumu la mbele lilikwenda zake peke yake, na kijana akayafuata mawe kwa uso. Taya lilihama. Nyundo aliokota meno mawili akayatia kwenye mfuko wa shati, akidhani hospitali watayarudisha. Mdogo wake aliishi siku nne, akitoa mapovu ya damu, asiseme hata neno moja la lawama. Afadhali angelisema.

Tangu hapo ilikuwa kugonga na kukata, miaka ishirini na sita, na sikio lake halikukosea. Hilo ndilo lililokuwa jina lake na heshima ya nyumba yake. Mtu akisema "hii imepita kwa Nyundo", hakuna aliyeuliza swali la pili.

Sasa aje Bucha. Huyu alikuwa muuza nyama wa mtaa wa pili, pande la mtu, mkono wake mmoja ukitenganisha paja la ng'ombe na kiuno kwa pigo moja la shoka. Alifika na baiskeli ya kijani, akaiegemeza ukutani kwa adabu.

"Fundi, huyu ni baba yangu."

"Shikamoo, mzee," Nyundo akaisalimia baiskeli.

Bucha alicheka mpaka tumbo likamtikisika. "Aliipanda mpaka wiki aliyokufa. Sasa nataka niipande mimi. Diski mbele na nyuma, gia za kisasa, usukani mpana. Ila rangi iwe hii hii."

"Sharti langu unalijua?"

"Nani asiyelijua? Ikikohoa, kata. Ukichoka niite, mimi nina shoka."

Jumamosi asubuhi Nyundo aliitundika. Mkewe, ambaye mtaa mzima na yeye mwenyewe Nyundo walimwita Mwalimu, alikuwa ameketi mlangoni akisahihisha madaftari. Shingo ililia vizuri. Mabomba mawili marefu yalilia vizuri. Bomba la kiti likakohoa. Akagonga tena. Likakohoa tena.

"Umechungulia ndani?" Mwalimu aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nichungulie wapi? Nguzo ya kiti imenikatikia humo nilipoivuta, kutu imeikaba."

"Basi itoe kwanza."

"Mwalimu, wewe sahihisha madaftari. Chuma niachie mimi. Kipande cha nguzo hakizimi sauti namna hii. Huu ni ufa."

Bucha aliitwa akaja na aproni yake ya damu. Akagongewa, akasikia kikohozi kwa masikio yake. Alikuna kidevu muda mrefu. Lakini alikuwa mtu wa neno lake. "Kata," alisema, akageuza uso ukutani.

Nyundo alikata bomba la juu, akakata bomba la chini, fremu ikaachana vipande viwili. Kisha, kama desturi yake, akalikata lile bomba lililokohoa ili mwenye mali auone ufa kwa macho. Msumeno ukaanza kutoa unga wa manjano. Aliuona. Mikono yake ikaendelea kuvuta mara tatu, nne zaidi, maana kusimama kungekuwa kukiri. Bomba likafunguka. Ndani yake, chini ya nguzo iliyokatika, mlikuwa na kipande cha mti kilichoviringishwa utepe wa mpira wa tairi, kimekaba barabara. Chuma kilichokizunguka kilikuwa safi, kizima, bila alama.

Bucha alikichomoa kile kipande, akakigeuza mkononi. "Hii ni kazi ya kisu cha baba," alisema polepole. "Mzee alichonga mwenyewe, kiti kisishuke. Fundi, umemkata baba yangu akiwa mzima."

Kofi lilimpata Nyundo kwenye sikio la kushoto. Lilikuwa kofi la mtu anayebeba nusu ya ng'ombe begani kila asubuhi, na damu ilitoka sikioni kabla hajafika chini. Akainuliwa kwa kola, akapigwa ngumi ya mdomo. Akasukumwa, paji la uso likakutana na jiriwa, ngozi ikafunguka mpaka mfupa ukaonekana mweupe. Alipoanguka alipigwa teke la mbavu, kisha la pili, na Bucha alikuwa akilia huku akipiga, machozi ya kweli.

"Inuka! Si wewe unayesikia vyuma? Sikia na hiki!"

Nyundo aliinuka. Mkononi alikuwa na nusu ya nyuma ya fremu, na damu imemjaa jicho moja. Pigo la kwanza lilivunja mtulinga wa Bucha, na mlio wake ukaisimamisha cherehani ya jirani. Bucha alipiga goti akishika bega. Hapo mtu mwenye akili angeacha, na Nyundo siku zote alikuwa mtu mwenye akili, isipokuwa dakika ile. Pigo la pili lilitua mgongoni, ncha ya bomba lililokatwa ikachana shati na nyama kwa pamoja. Akainua mara ya tatu, juu, kwa mikono miwili, akilenga kichwa.

Mwalimu aliingia katikati. Pigo la tatu alilipokea yeye, kwenye mkono wa kulia chini kidogo ya kiwiko, na mfupa ukakatika kama kuni kavu. Nyundo aliiachia fremu, akaketi sakafuni kati ya watu wawili aliowavunja. Wale wanaotaka kutengeneza hapo hadithi ya mume mpiga mke watafute nyumba nyingine. Katika miaka kumi na tisa ya ndoa hakuwahi kumwinulia hata sauti.

Kesho yake, walipokuwa hospitali, kaka zake Bucha wawili walikuja na mashoka ya dukani. Walivunja meza, wakapasua magurudumu, wakamwaga rangi, wakaikata ile boriti ya kutundikia. Fundi cherehani wa jirani, mtu ambaye ulimi wake una kasi kuliko mashine yake, alijifungia ndani akichungulia tundu la ufunguo. Ndiyo maana habari zake zote ni za ukubwa wa tundu la ufunguo.

Daktari alisema kiwambo cha sikio kimechanika vibaya na sikio hilo halitarudi. La kulia lilikuwa likisikia maneno, lakini ndani yake palikuwa na mluzi usiokoma. Fundi wa kusikiliza vyuma alikuwa amebaki na mluzi.

Kabla hawajaitwa polisi, dada yake mkubwa alikuja kumwona. Hakuketi.

"Mdogo wangu, utasema palikuwa na ufa. Vipande si viko kwako? Kipige kimoja nyundo kipasuke, nani atajua? Ukikiri ulikata fremu nzima, hakuna atakayekuletea hata pampu. Na wewe wifi, mwambie! Si ndiye msomi wa nyumba hii?"

"Nimesoma, wifi," Mwalimu alijibu, mkono ukiwa kwenye plasta. "Ndiyo maana simwambii."

"Haya. Mtakula hiyo elimu."

Kituoni, Bucha aliketi upande mmoja, mkono umefungwa kifuani, na Nyundo upande mwingine, kichwa kimeviringishwa bandeji. Askari aliuliza kama fremu ilikuwa na ufa. Nyundo aliomba aulizwe tena upande wa kulia. Aliulizwa tena. Kila mtu mle ndani alikuwa ameshasikia, kwa mdomo wa yule fundi cherehani, kwamba ufa ulikuwepo na Bucha ni mhuni tu. Lilikuwa neno moja, lipo mezani, limeshapikwa. Alichotakiwa ni kulimeza.

"Haukuwepo," Nyundo alisema. "Nilikata fremu nzima. Mke wangu aliniambia nichungulie ndani, nikamdharau. Na unga wa mti niliuona, nikaendelea kukata."

Askari aliweka kalamu chini. Akamgeukia Bucha: anataka kesi?

"Nataka baiskeli ya baba yangu," Bucha alisema. "Akishindwa kunirudishia, ndipo nitake kesi."

Ilimchukua wiki sita. Alichonga vipande vya bomba vya kuingia ndani ya mabomba yaliyokatwa, akavichomelea, akavipiga tupa mpaka kidole kisihisi mshono. Aliitia diski, gia za kisasa, usukani mpana. Rangi ya kijani aliichanganya mara kumi na moja mpaka ikawa ile ile. Mbavu zilimuuma, akafanya kazi huku akitema mate yenye uzi wa damu. Siku ya kuitundika kwenye boriti mpya alifumba macho, akagonga, na hakusikia ila mluzi wake.

"Inalia," Mwalimu alisema. "Inalia kila mahali. Mimi nimesikia."

"Sikio lako naliamini, Mwalimu. Nisiyemwamini ni mimi. Siwezi kumpa mtu fremu niliyoambiwa kwamba inalia."

Akaipeleka kwenye machimbo, kwenye mteremko ule ule uliomla mdogo wake. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Bucha aliitwa, akasimama chini pamoja na Mwalimu.

"Fundi, ukifa huko mimi simo!"

"Nikifa, iokote uikate!"

Mara ya kwanza alishuka salama, diski zikipiga kelele. Mara ya pili gurudumu la mbele liliteleza, akaburuzwa kwenye mawe hatua sita, ngozi ya goti ikabaki kwenye jiwe. Mwalimu alimwambia yatosha. Alijibu kwamba hajasikia, na akapanda tena. Mara ya tatu hakugusa breki kabisa. Aliliruka lile jabali la katikati, mahali hasa ilipokatikia ile nyekundu, baiskeli ikatua kwa kishindo kilichomfumba Bucha macho, ikaruka tena, ikatua tena, na chini kabisa akaanguka, baiskeli juu yake. Alikuwa ameuma ukingo wa ulimi mpaka meno yakakutana. Damu ilimjaa kidevu.

Bucha alikimbilia baiskeli kwanza, si mtu. Alipiga magoti akapitisha kidole kwenye kila kiungo, shingoni, bomba la juu, la chini, la kiti. Akarudia. Hakukuwa na kitu. Ndipo akamshika fundi kwapani kwa mkono wake mmoja mzima, akamkalisha juu ya jiwe, na yeye akaketi kando, upande wa kulia, kwenye sikio linalosikia. Wakazungumza.

Walizungumza mpaka damu ikakauka kwenye shati. Mmoja wao alilia. Tangu siku ile Bucha aliipanda baiskeli ya kijani kwenda dukani kila asubuhi, na Nyundo alipokufa, kitandani kwake, kwa presha, baada ya miaka saba mingine ya kazi, Bucha alikuwa mtu wa kwanza kulitia jeneza bega. Cherehani anasema pale machimboni kulitolewa vitisho. Wengine wanasema kulitolewa kiapo. Wengine wana lao kuhusu yule marehemu wa meno mawili.

Mwalimu alikuwa hatua tatu kutoka hapo, na alisikia kila neno. Hatasema hata moja, na asiulizwe tena.