Damu na Maziwa Jikoni kwa Sista

Damu ya kondoo ikichemka pamoja na maziwa hutoa harufu nzito, ya chuma na utamu kidogo, na mimi niliinusa mara ya kwanza jikoni kwa Sista Brida, muuguzi Mwairishi wa zahanati ya misheni karibu na Silibwet. Ilikuwa likizo ya Desemba. Gogo, mama yake baba, alikuwa amechinja kondoo wa Krismasi, Sista akapita na kuomba damu. Damu! Gogo alimtazama kutoka viatuni hadi kichwani.

"Ya nini, Sista?"

"Ya kupika, mama."

Gogo hakuamini hata kidogo. Alibeba sufuria mwenyewe, akanishika mkono. "Twende tuone," akaninong'oneza. "Mtu haombi damu hivi hivi."

Alikuwa na sababu ya kushuku. Babu alikuwa ametengwa na kanisa letu kwa kunywa damu na maziwa, kinywaji alicholelewa nacho. Aliambiwa atubu, akasema hajui namna ya kutubu maziwa. Basi akakalishwa benchi la nyuma, na Meza ya Bwana akawa anaitazama kwa mbali. Mwaka huo kifua chake kilikuwa kibovu, na aliyetengwa hakuzikwa na kanisa. Gogo hakulala vizuri kwa ajili ya hilo.

Sista aliichuja damu, akatia maziwa, chumvi na majani yenye harufu kali, akaimimina ndani ya utumbo uliooshwa, akaufunga kwa uzi na kuuchemsha polepole. Mimi nilidhani ni uchawi, nikasimama karibu na mlango. Gogo hakubandua macho.

"Kwetu Cork tunaiita drishini," Sista akasema. "Mama yangu aliipika kila Jumamosi."

"Na kanisani walimtenga?"

Sista alicheka mpaka akashika meza. "Kumtenga? Padri ndiye aliyekuwa akimaliza sahani!"

Gogo hakucheka. Aliomba kipande, akakifunga kwa kitambaa.

Jumapili alikiweka mbele ya mzee wa kanisa, watu wote wakiona. "Sista anakula damu na maziwa. Ni mtu wa Mungu ama si mtu wa Mungu?"

"Ni mtu wa Mungu, mama. Lakini hicho ni chakula cha kwao."

"Na cha mzee wangu kilikuwa cha wapi?"

Mzee wa kanisa alikohoa, akatangaza wimbo. Gogo, mwenyekiti wa akina mama, aliondoka benchi la mbele, akaenda kuketi kando ya Babu. Hakurudi mbele tena. Mvua ya masika haijafika, Babu akafa, na tukamzika sisi wenyewe, Gogo akiimba peke yake. Nililia kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Siku hizi mutura, utumbo uliojazwa nyama na damu, inachomwa Silibwet kila jioni, na mchungaji wetu kijana huila akiwa amesimama, kachumbari mkononi, akisalimia waumini. Ni mtu mzuri, sina ubaya naye, ila simwamini sana. Kila Jumapili hunipungia mkono: "Mama, njoo mbele, kuna nafasi!" Nami, kutoka benchi la nyuma, humuuliza swali lile lile: "Babu yangu mlimrudisha lini?"