Uliza Nani Alibaki Analia

Siku moja naikumbuka vizuri, mwanangu, na nataka uisikie kabla sijakujibu juu ya yule bwana wa kwenye simu anayetaka kukupeleka kazi ya mbali. Picha zake nimeziona. Ni nzuri mno, na ndiyo sababu sijalala vizuri.

Tulikuwa kwetu Katoyi, watoto tumejaa mbele ya televizio, tunaangalia tena ile sinema tuliyoipenda sana. Mutoto amepotea porini. Kuna muzee wa nguo nyeupe, anacheka na kila mutu. Kuna mama wa nguo nyeusi, anakaa peke yake katikati ya majiwe. Wewe unajua desturi yetu: anayekupa kinywaji anaonja kwanza, usiogope sumu. Muzee akaonja asali yake, akampa mutoto. Yule mama akatoa maziwa bila kuonja. Loo! Sisi wote tukasema huyo ni mulozi.

Koko wetu, aliyemzaa mama, alikuwa nyuma yetu akichambua maharagi.

"Nyeusi ni nguo ya kilio," akasema. "Muulize kwanza nani alimufia."

Tulimucheka. Kumbe ni yule muzee aliyegeuza watoto kuwa majiwe, na yale majiwe yalikuwa watoto wa yule mama. Hakuonja maziwa kwa sababu tangu siku ile hakuna kitu kilichopita kooni mwake.

Mwaka uleule akaanza kuja kwetu bwana mumoja, shati yake nyeupe. Alisema atampeleka dada yangu Neema Kampala, kazi ya dukani. Alisali kabla ya kula, na kila soda aliyotuletea aliionja kwanza. Mama alimupenda kabisa.

Asubuhi ya safari, sanduku limefungwa tayari, akabisha muuza maziwa kutoka Kibati, nguo nyeusi tupu. Alitaka kuongea na wenye nyumba. Mama hakumupa hata kiti. Koko akatoka, akamushika mukono.

"Mama, nani alikufia?"

"Sijui kama alikufa. Jana nilimuona yule bwana akitoka hapa. Binti yangu alikwenda naye, na sijasikia sauti yake tena."

Wazee walisema mugeni aje, mwenyeji apone. Bwana alipofika, koko alimungojea mulangoni, akamuuliza yule binti yuko wapi. Aligeuza gari, hatukumuona tena.

Mwanangu, Neema huyo ndiye aliyekuzaa.

Usinihesabie adabu za yule bwana. Kusali, kuonja, nguo safi, hata mudanganyifu anajifunza. Kikulacho ki nguoni mwako. Wewe uliza alikopita nani alibaki analia, kisha ukae karibu naye, umusikilize mpaka mwisho. Mungu akupe macho ya koko, na mama yako asivae nyeusi kwa ajili yako.