Diski Pacha Zilizosahaulika Kuandikishwa

Saa mbili na robo asubuhi, Bi Taratibu amepiga magoti kwenye sakafu ya masjala ya kituo cha afya, shingo ameipinda chini ya meza, anagombana na kompyuta.

"Jana nimekuacha mzima! Leo unajifanya hunijui?"

Humo mna mafaili elfu kumi na moja ya wagonjwa. Foleni ya dirishani imefika getini. Mbele kabisa kuna mama aliyebeba mtoto anayechemka kwa homa. Dawa moja humvimbisha mtoto huyo midomo. Jina la dawa liko kwenye faili. Mama halikumbuki, na daktari amekataa kubahatisha.

Karani wa masjala anachungulia. "Mama, bado tu?"

"Mwanangu, ukiniuliza tena nitakukabidhi bisibisi uendelee wewe."

Bi Taratibu ana miaka hamsini na tisa, na ishirini na sita kati ya hiyo ametengeneza kompyuta. Wateja walimpa jina hilo kwa sababu hakubali kuharakishwa.

Wiki iliyopita diski ya zamani ilianza kukwaruza. Akafunga diski mbili mpya, akaziunganisha zifanye kazi kama moja: kinachoandikwa kwenye hii, kinaandikwa na kwenye ile. Juu yake akapanga mfumo wa mafaili, akahamisha kumbukumbu zote. Kazi ya siku tatu. Ile ya zamani ikakata roho kesho yake.

"Ni pacha," anaeleza. "Mmoja akiugua, mwenzake anashika kazi. Lakini mkifuta faili, limefutika kwa wote wawili. Nimelisema hilo hapa mpaka mate yamenikauka."

Tangu hapo kompyuta haikuzimwa mpaka jana jioni. Leo karani aliiwasha, ikakwama njiani.

"Umegusa nini?" Bi Taratibu alimfokea alipofika.

"Kitufe cha kuwashia tu, mama, naapa."

Hakumwamini. Alichomoa nyaya, akazichomeka, akazichomoa tena. Dakika arobaini ziliteketea. Ndipo akasoma skrini mstari kwa mstari.

Diski zote mbili zilikuwa nzima. Ila pacha wale walikuwa wameamka na namba 127, ilhali kompyuta ilikuwa ikiwasubiri kwa namba sifuri, aliyowapa fundi siku ya kuwaunganisha. Aliyepaswa kuandika namba yao kwenye faili la mipangilio ni yeye.

"Nimezalisha, nikasahau kuandikisha!" anasema, akijipiga paji la uso. "Mashine imewapa jina yenyewe."

Karani hacheki. Wakati anafokewa, alikuwa amevua koti lake, akalikunja na kumsukumia fundi chini ya magoti. Bi Taratibu analiona sasa hivi tu.

"Nisamehe, mwanangu. Kosa ni langu."

"Yameisha, mama. Ila walioko nje hawajaisha."

Anaandika mstari mmoja, anawasha upya. Majina ya wagonjwa yanajipanga kwenye skrini. Karani anafungua faili la mtoto, anasoma jina la dawa kwa sauti.

"Ndiyo hiyo hiyo!" mama wa mtoto anaitikia dirishani, tayari anaelekea kwa daktari.

Bi Taratibu analikung'uta koti, analirudisha kwa mikono miwili, kisha anaomba daftari. Anataka kuandika kila hatua kwa mkono, halafu karani azifuate mwenyewe, yeye akae kando kimya.

"Nataka siku mkinipigia simu," anasema, "iwe ya kunijulia hali tu."