Mguu Mmoja wa Korongo

Harufu ya dawa ya kung'arishia shaba haizeeki. Jumamosi iliyopita baba yangu, ambaye siku hizi anaishi nami hapa Nateete, alifungua kimkebe chake cha zamani, na kabla sijageuka kutazama, pua yangu ilikuwa imeshafika kwenye veranda ya simiti ya kota za polisi, nina miaka tisa, nimeshika kitambaa cheusi. Ni harufu ya mafuta ya taa iliyochanganyika na kitu kikali kinachokwaruza koo. Wengine wakinusa chapati huwakumbuka mama zao. Mimi nikinusa dawa ya shaba nakumbuka kisasi, na nawaambia mapema ili msije mkanidhania mtu mwema: kwa yule mwanamke niliyemlipizia sijajuta hata kidogo.

Kota zetu zilikuwa safu mbili za vyumba vya mabati, nyuma kidogo ya soko. Vita vilikuwa vimekwisha mjini, lakini Kaskazini, kwao baba, vilikuwa ndiyo kwanza vinachanganya, na kila mke wa polisi aliogopa siku mumewe atakapoambiwa afunge begi aende huko. Baba alikuwa konstebo. Tulizungumza Kiswahili kwa sababu jirani wa kushoto alitoka Arua, wa kulia Soroti, na wa mbele, Sajini, alitoka mahali ambapo hakuna aliyethubutu kuuliza. Cheo cha mume kilivaliwa pia na mke. Mama Jeni, mke wa Sajini, alipopita na ndoo yake bombani, foleni ilijipangua yenyewe.

Kazi yangu ilikuwa kung'arisha. Vifungo vya baba, nembo ya kofia, na zaidi ya yote bakoli, lile bizimu la shaba la mkanda wake. Unatia dawa, unangoja ikauke iwe nyeupe, unasugua mpaka unaona meno yako. Katika nyumba za polisi tulilelewa na imani moja tu, kwamba kisichong'aa ni kichafu. Nilikuwa fundi kweli, nisijidharau, na kucha zangu zilikuwa nyeusi mwaka mzima.

Sasa mama alikuwa na sarafu. Baba yake alikuwa tarishi wa benki moja mjini, na alipostaafu wakubwa walimpa sarafu ya ukumbusho ndani ya kisanduku cha mahameli ya buluu. Haikuwa sarafu ya kununulia chumvi. Ilikuwa fedha tupu, nyeupe kuliko sarafu yoyote niliyowahi kuona, na imegongwa zaidi ya mara moja kwa muhuri uliosuguliwa, ili kila mstari utoke. Uwanja wake, ile sehemu tupu kuzunguka picha, ulikuwa kioo kabisa. Ukiinama unajiona, mpaka kope. Lakini korongo aliyesimama katikati hakung'aa. Alikuwa na weupe mkavu, kama amepakwa unga wa muhogo, shingo, manyoya, kishungi chake kichwani na miguu yake miwili. Mama aliifungua Krismasi na Pasaka tu, akaishika ukingoni kwa kucha mbili, akasema, "Ukimaliza Primary Seven, Lamaro, hii ni yako. Lakini vidole yako isiguse uso yake."

Mnaona jambo lenyewe linavyokuja. Siku moja mama alikuwa sokoni, nami nina dawa na kitambaa. Nilimtazama yule korongo nikamwonea huruma. Nilidhani wazungu wa kiwanda kilichoigonga walisafisha uwanja wakachoka kabla ya kumfikia ndege. Nikatia tone moja kwenye ncha ya njiti ya kiberiti, nikaanza na mguu wa kushoto. Ule unga ulitoka mara moja, mguu ukang'aa kama bakoli ya baba, na hata mtoto aliweza kuona kwamba ndege sasa alikuwa amevunjika mguu. Nilijaribu kurudisha weupe kwa unga wa kweli. Haukushika. Nikafunga kisanduku, nikanyamaza, na mama hakuona, maana macho yake yalikuwa yameanza kuchoka.

Miezi michache baadaye Mama Jeni alikuja kuazima sarafu. Alikuwa na mgeni kutoka Nairobi, akasema, anataka kumwonyesha kitu ya zamani ya Uganda. Mama hakutaka. Lakini mke wa konstebo hamnyimi mke wa sajini, akampa. Kisanduku kilikaa ng'ambo, nyumbani kwa Sajini, siku mbili.

Kiliporudi, mimi ndiye niliyekifungua. Korongo mzima alikuwa anang'aa. Shingo inang'aa, kishungi kinang'aa, na uwanja nyuma yake unang'aa vilevile, ila si kwa kioo, kwa mikwaruzo myembamba ya kitambaa. Weupe wake ulikuwa na ukijivu ndani. Ilikuwa sarafu ya kawaida ya zamani, ile ya shaba na nikeli ambayo watu walikuwa wakinunulia mkate, yenye korongo huyohuyo na ukubwa karibu sawa, ikasuguliwa. Nilipiga kelele, "Mama, hii si yetu!"

Mama Jeni alikuwa bado mlangoni. Hakushtuka hata kidogo. Alicheka, akanishika mkono, akauinua ili majirani waliovutwa na kelele zangu waone.

"Bambi, pole, Mama Lamaro, angalia makucha ya hii mtoto. Nani anasuguanga vyuma hapa kwenu? Si yeye? Amesugua mapesa yako, sasa anatafuta mtu ya kubebesha."

Majirani walitazama kucha zangu. Mama naye akazitazama. Ningeweza kusema, sarafu yetu ina alama, mguu mmoja wa ndege unang'aa na sehemu zake nyingine hazing'ai, tafuteni. Lakini ningesema hivyo ningekuwa nimekiri, na nilikuwa mtoto, nikaona kukiri kosa dogo ni sawa na kukiri lote.

Baba alitoka ndani amevaa fulana tu. Akaichukua sarafu, akaipima kiganjani. Kisha akafanya kitu nilichokidhania hasira tu: aliiachia ianguke kwenye simiti. Ilitoa mlio mfupi, ta, ikalala. Aliitazama pale chini kwa muda, halafu akatazama ng'ambo, ambako Sajini alikuwa ameketi nje akinyoa ndevu na kioo mkononi.

"Leta mukanda," akaniambia.

Nilipigwa mbele ya watu, kwa mkanda niliokuwa nimeung'arisha asubuhi ileile. Sikulia kwa maumivu, nililia kwa hasira, na Mama Jeni alisimama pale akisema, "Kale, Afande, inatosha," kwa sauti ya mtu mwenye huruma. Usiku mama alinipaka mafuta mgongoni akasema neno moja tu: "Ilikuwa kitu ya baba yangu." Lile neno ndilo lililonitia sumu. Nikaapa kwamba yule mwanamke atalia.

Na Mungu, kama ni yeye, aliniletea njia mapema. Kulikuwa na gwaride kubwa linakuja, na katika kota watoto wa makonstebo ndio waliong'arisha vitu vya wakubwa. Mama Jeni, hebu fikirini ujasiri wake, aliniita mimi. "Wewe si mutaalamu?" akasema, watu wakacheka. Alinikalisha sebuleni kwake na viatu, vifungo na bakoli za Sajini, kisha akaenda bombani kupiga domo, na mimi nilijua domo lake halikuwahi kupungua nusu saa.

Alikuwa na kabati la vioo lenye vikombe vya chai visivyonywewa. Nilichungulia kikombe kimoja kimoja. Kwenye cha nne, chini ya leso iliyokunjwa, korongo wangu alikuwa amelala, mweupe kwa unga wake, na mguu wa kushoto ukinimemetea. Nilimbusu. Kweli, nilimbusu.

Ningeweza kuitia mdomoni nikaondoka nayo. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikufanya hivyo, na jibu halinipendezi. Nikiirudisha nyumbani nitaitwa mwizi, ndiyo, lakini hilo si jibu lote. Sikutaka sarafu. Nilitaka yeye asiwe nayo. Na nilikuwa nimeshapigwa kwa kuisugua, deni langu lilikuwa limeshalipwa, basi kosa lenyewe lilikuwa mali yangu na nilikuwa na haki ya kulifanya.

Nikatia dawa, si tone, nilimimina. Nikangoja ikauke iwe nyeupe, jinsi baba alivyonifunza. Nikasugua kishungi, shingo, kila unyoya, mguu wa kulia, halafu nikageukia kioo cha uwanja kwa upande mbaya wa kitambaa, ule wenye mchanga, duara kwa duara, mpaka kope zangu hazionekani tena. Nilikuwa naimba puani. Nikairudisha chini ya leso, nikamaliza viatu vya Sajini, vikang'aa kuliko siku zote, na Mama Jeni akanipa kipande cha muhogo.

Wiki mbili baadaye alivaa gomesi yake nzuri akaenda mjini, na alitamba kwamba atarudi na cherehani. Alirudi bila cherehani. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba wanunuzi wa sarafu kama zile hukataa hata iliyofutwa kwa leso. Unga ule ukitoka, kilichobaki ni kipande cha fedha cha kuyeyushwa. Jioni ile alisimama kwenye kamba ya nguo akanitazama, nami nikamtazama. Akaninyooshea kidole. Lakini angesema nini? Aseme mtoto ameharibu sarafu ambayo haiko kwake? Alinyamaza kama nilivyonyamaza mimi, na katika maisha yangu sijala kitu kitamu kama ukimya ule.

Hapo ningeweza kuwaaga, mkaondoka mkicheka nami. Lakini nilikua, nikaingia katika kazi ya vito, na bwana wangu wa kwanza, sonara Mkenya, alinifunza jambo moja asubuhi ya kwanza kabisa. Ukitaka kujua fedha, usiitazame, iangushe. Fedha huimba, sauti inakwenda mbali kabla ya kufa. Nikeli na shaba hugonga zikanyamaza. Aliziangusha mbili mbele yangu, nikamwomba airudie ile ya nikeli. Nilikuwa nimesikia ile ta. Na baba, ambaye aliujua uzito wa sarafu ya mama tangu siku ya harusi yao, alikuwa ameisikia kabla yangu.

Sikumuuliza. Miaka ikapita, mama akafariki na kisanduku cha buluu kikaja kwangu na uwongo wake ndani. Kisha Jumamosi iliyopita habari ikafika kwamba Sajini amekufa. Baba, mzee wa magoti mabovu, alitoa mkanda wake wa zamani kutoka chini ya kitanda akaniwekea mezani pamoja na kimkebe.

"Ning'arishie," akasema. "Siwezi kwenda kuzika Afande na bakoli chafu."

Nilikwenda chumbani, nikaleta kisanduku. Nikaichukua sarafu, nikaiachia ianguke sakafuni karibu na miguu yake. Ta. Hakuuliza ni nini. Aliitazama pale chini kama alivyoitazama siku ile.

"Ulijua," nikasema.

"Sajini ndiye alikuwa anapeleka majina ya watu ya kwenda Kaskazini," akasema. "Ningemuambia bibi yake ni mwizi, ningekaa mjini hata mwezi? Nyinyi mungekula nini?"

"Na mimi je?"

"Wewe ulikuwa utapona."

Nimemchukia Mama Jeni kwa miaka mingi na kwa raha. Hasira hii nyingine sijui niiweke wapi, kwa sababu baba mwenyewe ananyweshwa uji na mimi, na kwa sababu hakupelekwa Kaskazini, na tulikula. Mkono wangu ulikuwa tayari umeshika kitambaa. Nikakiweka chini. Nikafunga kimkebe, nikamkabidhi mkanda vilevile ulivyotoka chini ya kitanda, bakoli yake imefanya kutu ya kijani.

Aliitazama bakoli, akanitazama mimi. Polisi wote wa zamani wangekuwepo pale makaburini. Kisha akajifunga mkanda, polepole, akashindwa kidogo kwenye tundu la mwisho. Nikamsaidia kuufunga, na akaenda nao hivyo.